JBS Haldane: Msomi aliyeitafuta asili ya uhai hatua kwa hatua

MNAMO Desemba 1, 1964, katika mji wa Bhubaneswar, mashariki mwa India, mzee mmoja mzaliwa wa Uingereza, mwenye kipara na masharubu mazito, alikata roho baada ya kuugua saratani. Alikuwa ameacha uraia wa nchi alikozaliwa, akavaa mavazi ya Kihindi na kuacha kula nyama. Aidha, alikuwa ameagiza kwamba maiti yake isizikwe wala isichomwe, bali ikabidhiwe chuo cha udaktari kilichoko Kakinada ili wanafunzi wajifunzie. Mtu huyo aliyekuwa ameutumia mwili wake kama chombo cha utafiti tangu utotoni hakutaka mauti yaukatize utumishi huo.

Huyo ndiye John Burdon Sanderson Haldane, aliyefahamika zaidi kwa herufi tatu za kwanza za majina yake, JBS. Jina lake halitajwi sana vijijini wala mijini humu nchini. Hata hivyo, mojawapo ya mawazo yake makuu linagusa moja kwa moja maelfu ya familia za Pwani na za eneo la Ziwa Victoria, zinazouguza watoto wenye maradhi ya selimundu.

Swali lililomsumbua Haldane maisha yake yote ni hili: vitu tata vilivyomo ndani ya kila seli hai vilitokeaje? Kimeng'enya, ile protini inayoharakisha kazi za kikemia mwilini, huundwa kwa maagizo ya jeni. Jeni nazo zimepangwa kwenye kromosomu, na kromosomu haiwezi kunakiliwa pasipo vimeng'enya. Ni kitendawili cha kuku na yai. Wapo walioona kwamba mzunguko kama huo hauwezi kuanza polepole. Ama vyote vilikuwepo kwa pamoja tangu awali, ama havikuwepo kabisa. Haldane aliamini kwamba hatua ndogondogo zilitosha, na akajitolea kuzitafuta kwa hesabu na majaribio.

Malezi ya maabarani

Haldane alizaliwa Novemba 5, 1892 mjini Oxford. Babake, John Scott Haldane, alikuwa mtaalamu mashuhuri wa upumuaji aliyechunguza hewa zenye sumu zilizokuwa zikiwaangamiza wachimbaji wa makaa ya mawe. Mzee huyo hakuwaachia wengine hatari za utafiti wake. Alizivuta hewa hizo mwenyewe, na mwanawe akamshirikisha mapema.

Siku moja alimpeleka mtoto huyo ndani ya mgodi, mahali ambapo gesi ya methani ilikuwa imejikusanya juu, chini ya paa. Akamwambia asimame wima na kukariri hotuba kutoka kwa tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, ile ambayo baadaye Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili. Haukupita muda mrefu kabla ya kijana kuishiwa na pumzi, miguu ikalegea, akaanguka. Pale chini alikuta hewa safi, akapata nafuu. Hivyo ndivyo alivyofunzwa kwamba methani ni nyepesi kuliko hewa.

Alisoma katika shule ya Eton, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Oxford alikofanya hisabati na baadaye lugha na falsafa za Wagiriki na Warumi wa kale. Jambo la kustaajabisha ni kwamba mtu aliyekuja kuwa miongoni mwa wanabiolojia wakuu wa karne ya 20 hakuwa na shahada yoyote ya sayansi.

Elimu ya urithi aliipata nyumbani. Yeye na dadake Naomi, ambaye baadaye alitambulika kama mwandishi Naomi Mitchison, walifuga wanyama wadogo na kuandika jinsi rangi za manyoya na macho zilivyopokezwa kutoka kizazi hadi kizazi. Mnamo 1915 walichapisha matokeo ya majaribio yao ya panya wakishirikiana na rafiki yao, A.D. Sprunt. Walionyesha kwamba sifa mbili za panya hao zilikuwa na mazoea ya kurithiwa pamoja, dalili kwamba jeni zake zilikuwa kwenye kromosomu moja.

Jambo hilo laweza kulinganishwa na abiria waliopanda matatu moja. Walioketi kiti kimoja huelekea kufika pamoja. Walioketi mbalimbali huenda wakatenganishwa njiani, kwa kuwa kromosomu hubadilishana vipande wakati mbegu za uzazi zinapoundwa. Kwa kuhesabu ni mara ngapi sifa mbili zinatengana, mtafiti anaweza kukadiria umbali kati ya jeni zake. Mnamo 1919 Haldane alitoa fomula ya kufanyia makadirio hayo, ambayo jina lake limeambatana nayo hadi leo.

Sprunt hakuuona ufanisi huo. Aliuawa katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Haldane mwenyewe alipigana nchini Ufaransa na baadaye Iraq, akajeruhiwa katika nyanja zote mbili. Alipelekwa India kuuguza majeraha, na hapo ndipo mapenzi yake kwa nchi hiyo yalipochipuka.

Siri ya vimeng'enya

Mnamo 1923 Haldane alihamia Chuo Kikuu cha Cambridge kufundisha kemia ya viumbe chini ya Frederick Gowland Hopkins. Wakati huo wataalamu walikuwa bado wakibishana kuhusu kimeng'enya ni kitu gani hasa. Mnamo 1925, akiwa na mwenzake George Briggs, alitoa maelezo ya kihisabati kuhusu kasi ya kazi ya vimeng'enya, ambayo wanafunzi wa vyuo vikuu ulimwenguni wangali wanafundishwa. Mwaka wa 1930 akatoa kitabu kizima kuhusu somo hilo.

Katika kitabu hicho alipendekeza kwamba kimeng'enya huishika kemikali inayofanyiwa kazi kwa nguvu nyingi dhaifu, kikaipinda kidogo hadi iwe rahisi kuvunjika au kuungana na nyingine. Wazo hilo lilikuwa na maana kubwa katika suala la mageuko. Ikiwa uwezo wa kimeng'enya unatokana na mishiko mingi midogo, basi uwezo huo unaweza kuongezeka mshiko mmoja baada ya mwingine. Si lazima kimeng'enya kiwe kamili ndipo kiwe na faida.

Wanakemia wana mfano mzuri wa jambo hilo. Haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya kuoshea vidonda, huvunjika yenyewe taratibu sana. Chembe za madini ya chuma zikitiwa majini huiharakisha kidogo. Chuma hichohicho kikizingirwa na pete ya kikemia kama iliyomo ndani ya damu, kasi huongezeka takriban mara 1,000. Pete hiyo nayo ikivikwa protini ya kimeng'enya kiitwacho katalesi, kasi huongezeka tena mara mamilioni. Hapa pana ngazi yenye vidato vitatu, na kila kidato kina manufaa kwa kilicho juu yake. Aliyesimama kidato cha kwanza ana faida kuliko aliye chini kabisa.

Mchuzi wa bahari kongwe

Mnamo 1929 Haldane aliandika makala fupi kuhusu asili ya uhai. Alieleza kwamba dunia changa haikuwa na oksijeni hewani, hivyo miale mikali ya jua iliifikia bila kizuizi. Miale hiyo ilipochoma mchanganyiko wa maji, kaboni-dayoksaidi na amonia, iliunda sukari na baadhi ya vijenzi vya protini. Kwa kuwa hapakuwa na viumbe vya kuvila, vitu hivyo vilirundikana baharini hadi maji yakawa mfano wa mchuzi mwepesi. Katika mchuzi huo, kwa maoni yake, kulizuka chembe zilizoweza kujinakili, zilizokuwa nusu ya njia kati ya kemikali tupu na kiumbe hai, kama virusi.

Mwanasayansi wa Urusi, Alexander Oparin, alikuwa ametoa fikra zinazokaribiana na hizo mnamo 1924, ingawa Haldane hakuwa na habari. Wawili hao walipokutana Marekani mnamo 1963, Haldane alikiri hadharani kwamba Oparin ndiye aliyetangulia.

Wakati huo wazo hilo lilikuwa limepata nguvu. Mnamo 1953 Stanley Miller, akiongozwa na Harold Urey, alipitisha cheche za umeme katika mchanganyiko wa gesi na mvuke huko Chicago, akapata vijenzi vya protini. Wataalamu wa leo wanatilia shaka iwapo hewa ya kale ilikuwa na gesi zilezile alizozitumia Miller, na baadhi yao wanautafuta mwanzo wa uhai kwenye chemchemi moto za chini ya bahari badala ya mchuzi ulio wazi juani. Hata hivyo, njia ya kuuliza swali ilikuwa imefunguliwa.

Katika mkutano huohuo wa 1963, Haldane alidokeza kwamba kiumbe cha kwanza huenda kilikuwa na jeni moja tu ya RNA, ile kemikali iliyo jamaa ya DNA. Takriban miaka 20 baadaye, Thomas Cech na Sidney Altman waligundua kwamba RNA yenyewe inaweza kufanya kazi ya kimeng'enya, wakatunukiwa Tuzo ya Nobel mnamo 1989. Kemikali moja inaweza kubeba maagizo na pia kuyatekeleza. Kitendawili cha kuku na yai kikaanza kulegea, kwani alionekana mmoja anayeweza kuwa kuku na yai kwa wakati mmoja.

Hesabu za uteuzi

Wakosoaji wa Charles Darwin walikuwa wakidai kwamba uteuzi wa asili ni wa polepole mno kiasi cha kutoweza kuleta mabadiliko ya maana. Haldane hakuwajibu kwa maneno matupu. Mnamo 1924 alichukua mfano wa nondo wa Uingereza. Mnamo 1848 nondo mweusi alionekana karibu na Manchester, mji wa viwanda uliojaa masizi. Kufikia mwisho wa karne hiyo, karibu nondo wote wa eneo hilo walikuwa weusi. Haldane alikokotoa kwamba ili mabadiliko hayo yatokee katika muda huo, ilibidi nondo weusi wawashinde weupe kwa idadi ya wazao wanaosalia kwa kiwango cha karibu nusu. Kwa mara ya kwanza, nguvu ya uteuzi ilikuwa imepewa kipimo.

Pamoja na Ronald Fisher na Sewall Wright, Haldane anahesabiwa kuwa mmoja wa nguzo tatu zilizounganisha nadharia ya Darwin na elimu ya urithi. Katika kitabu chake cha 1932 kuhusu mageuko, alitaja jambo lililokuja kuwa na uzito mkubwa. Wakati mwingine jeni hunakiliwa mara mbili kwa makosa. Nakala moja ikiendelea na kazi ya zamani, ya pili ina uhuru wa kubadilika bila kumdhuru mwenyewe. Hivyo ndivyo kimeng'enya kipya kinavyoweza kupatikana pasipo cha zamani kupotea.

Ushahidi upo katika damu ya kila msomaji. Himoglobini, protini nyekundu inayobeba oksijeni, ina minyororo ya aina mbili. Jeni za aina moja ziko kwenye kromosomu ya 16, na za aina ya pili kwenye kromosomu ya 11. Zinafanana kama ndugu kwa sababu zilitokana na jeni moja ya kale iliyonakiliwa. Kijusi tumboni hutumia nakala nyingine tofauti, inayovuta oksijeni kutoka kwa damu ya mama kwa urahisi zaidi. Jeni moja iligeuka kuwa ukoo mzima.

Kromosomu nazo hubadilika kwa hatua. Binadamu ana kromosomu 46, ilhali sokwe ana 48. Kromosomu ya pili ya binadamu ina alama za mahali ambapo kromosomu mbili za kale ziliungana ncha kwa ncha. Huenda mtu akauliza jinsi kiumbe wa kwanza mwenye idadi mpya alivyoweza kupata watoto. Ni kweli kwamba nyumbu, mtoto wa punda mwenye kromosomu 62 na farasi mwenye 64, kwa kawaida huwa tasa. Lakini farasi-mwitu wa Mongolia ana 66, na akizaana na farasi wa kufugwa, mtoto wao mwenye 65 huzaa bila tatizo. Isitoshe, karibu mtu mmoja kati ya 1,000 ana kromosomu mbili zilizoungana, akabaki na 45, na huishi akiwa na afya njema. Tofauti ya idadi, basi, si lazima iwe ukuta usiopitika.

Haldane mwenyewe aliitumia elimu ya kromosomu kwa manufaa ya wagonjwa. Mnamo 1935 alikadiria kwamba jeni ya ugonjwa wa kutokwa na damu isiyoganda huzuka upya katika kromosomu moja hivi kati ya 50,000 kila kizazi. Miaka miwili baadaye, yeye na daktari Julia Bell walionyesha kwamba jeni hiyo na ile ya upofu wa rangi zimo kwenye kromosomu moja. Ulikuwa uhusiano wa kwanza wa aina hiyo kuthibitishwa kwa binadamu kati ya magonjwa mawili ya kurithi.

Malaria na damu

Mnamo 1948, katika mkutano wa kimataifa wa wanajenetiki mjini Stockholm, Haldane alijaribu kueleza fumbo lingine. Kwa nini thalasemia, maradhi ya damu ya kurithi, yalikuwa mengi miongoni mwa watu wa pwani za Mediterania iwapo huwaua watoto? Alipendekeza kwamba waliorithi nakala moja tu ya jeni hiyo hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Hasara ya wachache ingefidiwa na faida ya wengi.

Bila ya kumtegemea, Anthony Allison, kijana aliyelelewa Gilgil, alikuwa akielekea kwenye jibu lilo hilo hapa Afrika Mashariki. Aliposafiri nchini mwaka wa 1949, alibaini kwamba jeni ya selimundu ilikuwa nyingi Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, maeneo yenye malaria, lakini ilikuwa adimu katika nyanda za juu. Mnamo 1954 alichapisha ushahidi kwamba wenye nakala moja ya jeni hiyo wana kinga. Utafiti uliochapishwa 2005 kutoka Kilifi ulithibitisha kwamba watoto wa aina hiyo hupunguziwa hatari ya malaria kali kwa karibu asilimia 90.

Kiini cha selimundu ni badiliko la kijenzi kimoja tu kati ya vijenzi 146 vya mnyororo mmoja wa himoglobini. Badiliko dogo kama hilo huokoa mtoto mmoja na kumtesa mwingine wa nyumba hiyohiyo. Mzazi mwenye nakala moja si mgonjwa, wala hakulaaniwa. Lakini wazazi wawili wa aina hiyo wakikutana, katika kila ujauzito upo uwezekano wa robo moja wa kupata mtoto mgonjwa. Ujuzi huo umewaondolea wengi lawama zilizokuwa zikielekezwa kwa akina mama na kwa majirani waliodhaniwa kuwa wachawi.

Ushujaa na udhaifu

Haldane hakuwa malaika. Alikuwa mkali, mwenye kiburi cha elimu, na mgomvi. Mnamo 1925 Cambridge ilimfuta kazi kwa sababu ya kesi ya talaka ya mwanamke aliyetaka kumwoa, naye akakata rufaa na kurejeshwa. Baadaye alikuwa profesa katika chuo kikuu cha London kuanzia 1933 hadi 1957.

Ujasiri wake haukuwa na shaka. Manowari iitwayo Thetis ilipozama mnamo Juni 1, 1939 na kuua watu 99, alijifungia ndani ya chumba cha chuma kilichojaa hewa chafu ili ajue mabaharia hao walikufaje. Katika majaribio yaliyofuata ya kuwasaidia wapiga-mbizi, alipata mtukutiko uliomjeruhi uti wa mgongo, na maumivu hayo hayakumwacha tena.

Hata hivyo, kuna mahali ujasiri huo ulipomkimbia. Haldane alikuwa Mkomunisti, na aliandika mamia ya makala ya sayansi katika gazeti la chama kwa ajili ya wafanyakazi wa kawaida. Katika Muungano wa Sovieti, Trofim Lysenko aliipiga vita elimu ya jeni kwa msaada wa Stalin. Nikolai Vavilov, bingwa wa mimea aliyefahamiana na Haldane, alikamatwa mwaka wa 1940 na kufia gerezani 1943. Mnamo 1948 elimu hiyo ilipigwa marufuku kabisa huko. Haldane alijua vyema kwamba Lysenko alikosea, lakini hadharani alisitasita na kutumia lugha ya kukwepa. Kufikia 1950 alikuwa amekiacha chama hicho kimyakimya. Kwa mtu aliyeuweka mwili wake hatarini mara nyingi kwa ajili ya ukweli, kimya hicho kilibaki doa.

Mnamo 1957, akiwa na mkewe wa pili, mwanabiolojia Helen Spurway, alihamia India, kwanza katika taasisi ya takwimu ya Calcutta na hatimaye Bhubaneswar. Aliwafundisha vijana wa Kihindi kwamba sayansi bora haihitaji mashine ghali. Mtu anaweza kuhesabu maua, samaki au ndege na kupata jambo jipya, almuradi ahesabu kwa makini. Mnamo 1961 akawa raia wa nchi hiyo.

Swali alilolishughulikia halijafungwa. Hakuna maabara iliyokwisha kupiga hatua zote kutoka kemikali tupu hadi seli hai. Lakini vidato kadhaa vya ngazi hiyo sasa vinaonekana. Alipoambiwa kwamba jambo fulani haliwezi kutokea kidogokidogo, Haldane alichukua kalamu na karatasi, akahesabu. Haba na haba hujaza kibaba, na yeye alitaka kujua ni haba ngapi, na katika muda gani.